KUSUGUA NA KUPAKA UPYA SAKAFU ZA MBAO KATIKA NYUMBA ZA KALE
Maelezo kwa Wakaazi na Watumishi wa Serikali

Wakaazi wa nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, pamoja na watumishi wa Serikali wanaofanya kazi katika majengo ya aina hiyo, mara nyingi hukuta sakafu za mbao zilizochakaa: vanishi imebanduka, mbao zimeingia weusi na misumari imechomoza. Wengi wao hupenda kuzitengeneza kwa mikono yao wenyewe ili kupunguza gharama. Kazi hiyo inaweza kufanywa na mtu asiyekuwa seremala, mradi awe na subira na afuate utaratibu.

Pamoja na hayo, ieleweke kwamba mbao ya sakafu ni mali yenye kipimo. Kila msasa unapopita, sehemu ya mbao huondoka na hairudi tena. Sakafu iliyodumu miaka mia moja inaweza kuharibiwa kwa siku moja na mashine iliyoshikwa vibaya. Kwa hivyo, jambo la kwanza kujiuliza ni kama sakafu inahitaji kusuguliwa. Namna ya kuisugua hufuata baadaye. Maelezo haya yanakusudiwa kumsaidia mkaazi kulijibu suala hilo, na kumwongoza katika kazi yenyewe pale inapolazimu.

1. Kuitambua sakafu

Si kila sakafu ya ghorofani ni ya mbao. Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, sakafu ya juu imetengenezwa kwa boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, kisha zikafunikwa kwa mawe na chokaa iliyopondwa. Ndiyo sababu vyumba vingi ni vyembamba na virefu, kwani urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Sakafu ya namna hiyo haihusiki na maelezo haya.

Yanayohusika ni maeneo yaliyotandikwa mbao: baadhi ya vyumba vya juu, vidato vya ngazi, vibaraza vya ndani na roshani. Jengo la Zahanati ya Kale huko Mizingani, lililoanza kujengwa mwaka 1887 na kumalizika mwaka 1894, ni mfano unaojulikana wa jinsi mbao zilivyotumiwa kwa wingi na kwa ustadi katika majengo ya wakati huo.

Miongoni mwa mbao zinazokutikana katika nyumba hizi ni msaji, mvule na mninga. Msaji una rangi ya kahawia yenye udhahabu na huteleza kidogo ukiguswa, kwa kuwa ndani yake mna mafuta ya asili. Mvule huwa na umanjano unapokatwa, kisha hugeuka kahawia. Mninga huelekea wekundu. Mbao hizi ni ngumu na zinastahamili, lakini kupata ubao mpya wenye upana na ukomavu kama wa zamani si jambo rahisi. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kuzitunza zilizopo.

2. Ruhusa

Nyumba za Mji Mkongwe zimo katika mikono mbali mbali: nyingine ni za Serikali, nyingine za Wakfu na nyingine za watu binafsi. Mpangaji hana budi kupata idhini ya mwenye nyumba, kwa maandishi, kabla ya kugusa sakafu. Idhini hiyo humlinda mwenye nyumba, na vile vile humlinda mpangaji asije akadaiwa uharibifu uliokuwepo kabla yake.

Aidha, Mji Mkongwe unasimamiwa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mkaazi anayekusudia kubadilisha mbao, kuongeza mihimili au kuondoa sehemu yoyote ya asili aulize kwanza kwa Mamlaka kama kazi yake inahitaji kibali. Katika ofisi za Serikali, mtumishi asianze kazi kwa hiari yake, hata kama nia ni njema. Mkuu wa ofisi ndiye anayepaswa kuwasilisha ombi.

3. Uchunguzi kabla ya kuamua

Inashauriwa kufanya uchunguzi ufuatao, ambao hauhitaji gharama:

(a) Usafi. Fagia sakafu vizuri, kisha ifute kwa kitambaa kilichokamuliwa sana katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo. Usimwage maji. Weusi mwingi unaodhaniwa kuwa ubovu wa mbao ni uchafu na nta ya zamani iliyogandamana, na sakafu nyingine hupendeza kwa kusafishwa tu.

(b) Tone la maji. Dondosha tone moja katika sehemu mbali mbali za chumba na ungoje dakika chache. Pale tone linaposimama juu bila kuzama, vanishi bado ina kazi. Hapo yatosha kukwaruza kwa msasa laini na kupaka mkono mmoja mpya. Pale linapozama mara moja na kuacha doa jeusi, mbao iko wazi na inahitaji kinga.

(c) Unene. Tafuta mahali ambapo ukingo wa ubao unaonekana, kama vile kwenye kizingiti au tundu la bomba. Kusugua sakafu nzima kwa mashine huweza kuondoa kiasi cha nusu milimita hadi milimita moja. Mbao zilizounganishwa kwa ulimi na mfuo hazina unene mkubwa wa kupoteza, kwa sababu kinachoweza kusuguliwa ni kile kilicho juu ya ulimi tu. Ikiwa vichwa vya misumari iliyofichwa vimeanza kuonekana, au kingo za mfuo zinapasuka, sakafu hiyo imekwishasuguliwa vya kutosha na isipitishwe mashine tena.

(d) Uimara. Tembea chumba kizima na usikilize. Mbao zinazobonyea karibu na ukuta ni dalili ya hatari, kwani vichwa vya boriti na mihimili huoza kwanza pale vinapoingia katika ukuta wenye unyevu. Gonga kwa mpini wa nyundo: sauti ya uwazi, unga laini au njia za udongo huonyesha fukusi au mchwa. Ikiwa dalili hizo zipo, muite fundi atengeneze kilicho chini kwanza. Kupendezesha sakafu ambayo mihimili yake imeoza ni kuficha hatari.

(e) Rangi ya zamani. Ikiwa sakafu au ngazi imewahi kupakwa rangi miaka mingi iliyopita, ichukuliwe kuwa rangi hiyo ina madini ya risasi mpaka ithibitike vinginevyo. Vumbi la risasi hudhuru ubongo wa mtoto na mimba, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Rangi ya namna hiyo isisuguliwe ikiwa kavu wala isichomwe kwa moto. Ilowanishwe kidogo kidogo, ikwanguliwe kwa chuma, na mabaki yakusanywe katika mfuko na kufungwa. Watoto na wajawazito wasiwepo katika nyumba wakati wa kazi hiyo, na wasirudi mpaka chumba kimefutwa kwa kitambaa chenye maji.

4. Msimu wa kazi

Mbao huvuta unyevu na kutoa unyevu kwa kufuata hali ya hewa. Wakati wa masika mbao huvimba na nafasi baina yake hujifunga. Wakati wa ukavu hunywea na nafasi huonekana. Kwa hivyo, kazi hii isifanywe kati ya Machi na Mei, wala katika siku za mvua za vuli. Wakati unaofaa zaidi ni kipupwe, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, au siku kavu za Januari na Februari. Vanishi iliyopakwa juu ya mbao yenye unyevu hubanduka kabla ya mwaka kwisha.

Kwa sababu hiyo hiyo, nafasi ndogo baina ya mbao zisijazwe kwa saruji wala kwa gundi ngumu. Mbao zikivimba na zisipate pa kwenda, huinuka au hupasuka.

5. Vifaa

Vifaa vinavyohitajika ni msasa wa namba mbali mbali, kipande cha ubao cha kuuzungushia msasa, chuma cha kukwangulia, nyundo, kipande cha chuma chembamba cha kuzamishia misumari, brashi, vitambaa safi vya pamba, miwani ya kukinga macho na barakoa ya kuzuia vumbi.

Neno msasa lenyewe linatokana na mti, ambao majani yake ni makavu na yenye kukwaruza, na mafundi wa pwani waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani kuenea. Katika karatasi hizo, namba ndogo ni msasa mkali na namba kubwa ni msasa laini.

Barakoa si pambo. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule na la msaji pia huwasha ngozi, macho na pua kwa baadhi ya watu. Kitambaa kilichofungwa usoni hakitoshi. Itumike barakoa ya vumbi inayokaa usoni bila kuacha upenyo.

Kuhusu mashine, inashauriwa mtu asiye na uzoefu asitumie ile kubwa yenye gurudumu la msasa katika ghorofa za juu. Mashine hiyo ni nzito, huvuta kwa nguvu, na ikisimama mahali pamoja kwa nukta chache tu huchimba shimo lisilozibika. Mashine ndogo ya mkononi, pamoja na msasa wa mkono kwenye pembe, huchukua siku nyingi zaidi lakini husamehe makosa.

6. Utaratibu wa kusugua

Hatua ya kwanza: toa vyombo vyote chumbani, ziba upenyo wa mlango kwa shuka lenye maji, na ufungue madirisha ya upande wa nje. Zima moto wote wa jiko ulio karibu, kwani vumbi jingi la mbao likitanda hewani huweza kushika moto.

Hatua ya pili: pitia sakafu ubao kwa ubao. Misumari iliyochomoza izamishwe milimita mbili au tatu chini ya uso wa mbao. Msumari mmoja uliosahauliwa huchana msasa na huweza kutoa cheche. Ubao uliolegea ukazwe, lakini kwanza uhakikishe kuwa hapana waya wa umeme wala bomba chini yake.

Hatua ya tatu: anza kwa msasa laini kadiri inavyowezekana. Jaribu namba 80 katika pembe isiyoonekana. Ikiwa inaondoa uchafu na vanishi ya zamani, hapana haja ya kutumia mkali zaidi. Msasa namba 40 utumike tu pale ambapo vanishi ni nene au kingo za mbao zimeinuka.

Hatua ya nne: sugua kwa kufuata nyuzi za mbao. Kusugua kwa kukata nyuzi huacha mikwaruzo ambayo haionekani wakati mbao ni kavu, lakini hujitokeza yote mara tu mafuta yanapopakwa. Kwa mashine, iwashe kabla haijagusa sakafu, isogeze wakati wote, na iinue kabla ya kuizima. Umeme ukikatika katikati ya kazi, inua mashine, zima swichi na uchomoe waya. Usiiache imelala sakafuni ikingoja umeme urudi.

Hatua ya tano: panda namba kwa daraja, kwa mfano 40, kisha 60 au 80, kisha 100 au 120. Kila namba kazi yake ni kuondoa mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukiruka daraja, mikwaruzo ya mwanzo itabaki. Namba 120 inatosha kwa sakafu. Mbao iliyolainishwa kupita hapo huanza kukataa kunywa mafuta.

Hatua ya sita: mashimo ya misumari yazibwe kwa unga wa mbao ile ile uliochanganywa na gundi ya mbao, kisha yapigwe msasa laini. Halafu fagia, ungoje vumbi litue, fagia tena, na umalizie kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Vumbi lote litiwe katika mfuko na kutolewa nje ya nyumba siku hiyo hiyo.

Alama za zamani zisizodhuru, kama vile weusi wa msumari au michirizi ya miguu ya makabati, si lazima ziondolewe zote. Kulifukuza doa moja lililozama hugharimu unene wa ubao mzima.

7. Kupaka

Kuna njia mbili kuu, na kila moja ina mahali pake.

Njia ya kwanza ni mafuta, hasa mafuta ya kitani yaliyotengenezwa kwa ajili ya kupaka mbao. Hupakwa kwa kitambaa, mkono mwembamba, huachwa kwa dakika 15 hadi 20, kisha yaliyosalia juu hufutwa yote. Mkono wa pili hupakwa baada ya ule wa kwanza kukauka kabisa, jambo linaloweza kuchukua siku nzima au zaidi kukiwa na unyevu hewani. Mafuta hayang'ari sana, lakini sehemu iliyochakaa hutengenezwa peke yake bila kusugua chumba kizima. Kwa ngazi, vibaraza na roshani zinazopigwa na jua, njia hii inafaa zaidi, kwa kuwa vanishi nene hupasuka kwa jua na kunasa maji ya mvua chini yake.

Njia ya pili ni vanishi, ambayo huweka ngozi ngumu juu ya mbao na inafaa vyumba vya ndani vinavyopitwa na watu wengi, zikiwemo ofisi. Hupakwa mikono miwili au mitatu myembamba, na baina ya mkono na mkono sakafu hupitishwa msasa laini na kufutwa vumbi. Lita moja hutosha kiasi cha mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Kwa hivyo, chumba cha mita 3 kwa 8, chenye mita 24 za mraba, kitahitaji takriban lita 7 kwa mikono mitatu. Kwa msaji, futa kwanza kwa kitambaa chenye spiriti, kwani mafuta yake ya asili huzuia vanishi kushika na kukauka.

Inafaa kukumbusha kwamba biashara ya vanishi si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa Mrima ilipitia Bandari ya Zanzibar na kusafirishwa hadi Salem, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, na kwengineko, ambako iliyeyushwa kuwa vanishi iliyosifika kwa ugumu wake.

Oili chafu ya magari, ambayo baadhi ya watu huipaka kuzuia mchwa, isitumiwe ndani ya nyumba. Ina sumu, harufu yake haishi, hulisha moto, na mbao iliyoinywa haitashika vanishi tena.

8. Tahadhari kubwa ya moto

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vinaweza kuwaka vyenyewe bila kibiriti. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto. Kitambaa kikikunjwa au kikirundikwa, joto hukosa pa kutokea, huongezeka, na mwisho moto hushika.

Tarehe 23 Februari, 1991, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, vitambaa vya namna hiyo vilivyoachwa na wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza upya mbao za ukutani viliwaka katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza, lenye ghorofa 38. Moto uliendelea kwa zaidi ya saa 18 na wazima moto watatu walipoteza maisha. Ikiwa rundo la matambara lilifanya hivyo katika jengo la chuma na zege, msomaji atafakari lingefanya nini katika nyumba yenye boriti, ngazi na dari za mbao, iliyobanana na nyumba za majirani katika vichochoro visivyopitika na gari la zimamoto.

Kwa hivyo, kila kitambaa kilichotumika kitandazwe kimoja kimoja nje, mbali na ukuta, mpaka kikauke na kuwa kigumu, au kitiwe katika ndoo ya bati iliyojaa maji na kufunikwa. Kisiachwe ndani ya nyumba usiku kucha. Agizo hili lifuatwe hata kama kazi iliyofanyika ni ndogo.

9. Utunzaji

Baada ya mkono wa mwisho, sakafu ipewe saa 24 kabla ya kukanyagwa kwa miguu mitupu, na siku saba kabla ya kurudisha makabati na mazulia. Miguu ya viti na meza ivishwe vipande vya kitambaa kizito. Tandika jamvi au mkeka mlangoni, kwani mchanga unaoingia na viatu nao ni msasa, na hufanya kazi kila siku bila kuonekana. Sakafu ifagiliwe kila siku na ifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa; isioshwe kwa ndoo za maji. Paa linalovuja litengenezwe kabla ya masika, kwa sababu hapana vanishi inayoishinda mvua inayodondoka mahali pamoja kila mwaka.

Kwa ufupi, mkaazi asafishe kabla ya kufikiri kusugua. Asugue kwa uchache pale inapobidi. Na akishapaka, atunze ili mwenye kuja baada yake asilazimike kusugua tena. Mbao hizi zimerithiwa zikiwa nene na imara, na unene utakaobaki ndio utakaorithiwa na watakaoishi katika nyumba hizi baadaye.